Viazi vya Dakika Nane

Kijwa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachilia mpaka akulishe na akuombee mara tatu, kwa hiyo nina muda. Begi lako liko hapa mlangoni. Baba yako amelifunga kwa kamba ya katani ingawa zipu yake ni nzima. Mimi nimekaa jikoni na daftari lako la jiografia la kidato cha pili, lile ambalo kurasa za nyuma hukuzigusa. Jiografia hukuwahi kuipenda.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa chumba, wala za watu wa kuepuka huko Morogoro. Una miaka kumi na tisa, na hayo nimeyasema hadi siku hizi unayamalizia wewe kabla sijafika katikati. Nataka kukuandikia habari ya viazi vitamu, na ya mama yako mdogo Yunis, na ya jambo nililolifanya wiki mbili zilizopita ambalo wewe hulijui. Naanza na viazi kwa sababu ndiyo sehemu rahisi.

Ulipokuja likizo ya kwanza kutoka Same, ulikuwa umekaa kwa Yunis miezi sita tu. Mdogo wangu yule tulimwomba akupokee kwa sababu shule ilikuwa jirani na kwake, na kwa sababu ana nyumba kubwa na hakujaliwa mtoto. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba, hilo nisilisahau. Basi siku ile nilikupikia viazi. Nilikuwa nimevichimba wiki nzima kabla hujaja, nikavianika siku nne juu ya lile jiwe la nyuma ya nyumba hadi vikanyauka na ngozi ikafanya mikunjo. Nikavipanga kwenye sufuria, maji kidogo chini, majani ya mgomba juu, nikafunika na kuweka kitofali. Saa moja na nusu mbele ya moto. Vya chini vilishika sufuria na kutoa ule utomvu mweusi wa sukari ambao ulikuwa unaugombania na kaka yako tangu mna meno mawili.

Ukala viwili. Ukafuta mikono, ukasema, "Mama, kwa mama mdogo tunatumia maikrowevu. Unakitoboa kwa uma, unakiviringishia karatasi yenye majimaji, dakika nane kimeiva. Yaani wewe mpaka leo unakaa na moshi! Pole mama yangu."

Uliniambia kwa huruma, ndiyo maana iliuma. Ungesema kwa maringo ningekuchapa kofi la mgongo tukacheka. Lakini uliniangalia macho yangu mekundu ya moshi ukanionea huruma, na mimi nikaona ni Yunis ananionea huruma kwa macho yako.

Nikamwonea wivu mdogo wangu hadi nikashindwa kula. Sikukwambia. Nilisema nina kiungulia.

Tangu ulipoanza shule Same nilikuwa nawatumia kikapu cha viazi kila mwezi, nampa dereva wa gari la asubuhi, na vyote vilikuwa vimeshapigwa jua huku. Yunis alivisifia sana kwenye simu. Mashine yake ile inaivisha haraka mno, haina muda wa kuutoa utamu ndani ya kiazi, kwa hiyo ni lazima utamu uwe umeshaingia kabla. Hilo sikufundishwa na mtu, nililifikiria mwenyewe nikiwa nachunga sufuria. Na nilipolifikiria nikapata wazo baya. Mwezi uliofuata nikachimba viazi jioni, asubuhi vikapanda gari vikiwa na udongo wake. Havikuona jua hata nusu saa.

Yunis akapiga simu. "Shikamoo dada. Mbona viazi vya mara hii vina maji? Hukuvianika?"

"Marahaba. Huku ni mvua tu, mdogo wangu. Jua hatujaliona."

"Jamani poleni. Haya, huku jua lipo la kumwaga."

Kijwa, mvua ile niliinyesha mwaka mzima na zaidi. Hata mwezi ambao baba yako alikuwa analalamika tangawizi inakauka shambani, mimi kwenye simu nilikuwa na mvua. Nilikuwa naweka simu chini na kujichekea peke yangu jikoni kwamba haya, nitaona hizo dakika nane zitawafikisha wapi. Ulikuwa unavila wewe. Nilikuwa namwadhibu Yunis kwa mdomo wa mwanangu, na sikuliona hilo hata kidogo.

Halafu nikaja Same bila kutoa taarifa, ule mwaka uliougua malaria ukapona. Nilifika Yunis akiwa dukani kwake na wewe shuleni, nikachukua ufunguo kwa jirani. Nilipozunguka nyuma kunawa vumbi la njiani nikaona mabati mawili chini, na juu ya mabati viazi vyangu vimepangwa mstari mstari, vimegeuzwa upande wa pili, vimenyauka vizuri kuliko nilivyowahi kuvinyausha mimi. Lile jua la Same linafanya kwa siku mbili kazi ambayo huku juu inachukua nne. Yunis alizaliwa nyumba ileile niliyozaliwa mimi, alifundishwa na mama yuleyule. Nilidhani nimemficha nini? Nilisimama pale na ndoo yangu nikaona kwamba hata jua analo kunizidi.

Sasa sikia ujinga. Badala ya kuona aibu, niliingia ndani nikaijaribu ile mashine. Nilitaka kuona ina nini. Nikachukua kiazi kinene, nikakiweka kizima kizima, sikukitoboa, maana kile ulichosema kuhusu uma nilikuwa nimekisahau kwa hasira. Nikabonyeza namba. Sahani ikazunguka, taa ikawaka, nikavuta kiti nikakaa mbele yake kama ninavyokaa mbele ya moto. Dakika ya sita kikapasuka. Nilifikiri transfoma. Nilipofungua mlango, kiazi kilikuwa kimetapakaa kuta zote za ndani, nikaanza kufuta kwa kitenge changu cha kanisani.

Hapo ndipo ulipoingia na sare zako. Ukaniangalia, ukaangalia mashine, ukacheka hadi ukakaa sakafuni. Halafu ukachukua kitambaa ukanisaidia, lakini harufu ya kuungua haikutoka, na Yunis aliporudi aliisikia tangu mlangoni.

"Nani kalipua kitu humu?"

Ukajibu haraka kabla sijafungua mdomo. "Mimi, mama mdogo. Nilisahau kutoboa."

"Kijwa! Mara ngapi nimekwambia? Siku moja utanichomea nyumba. Leo vyombo vyote unaosha wewe, na usinunenune." Akakufinya sikio. Na wewe ukacheka, ukamkumbatia kiunoni, ukasema, "Sinuni, mama."

Ulinifichia aibu yangu, mwanangu, kitu ambacho watoto wengi wa umri ule wasingekifanya. Ningekushukuru. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba Yunis alikugombeza kama wake na ukacheka kama wake, na kwamba umemwita mama bila kuweka neno la pili. Usiku ule ulilala nami katika chumba cha wageni na mimi nikakupa mgongo. Ulidhani nimechoka na safari.

Jioni ile pia ndipo niliposikia jambo ambalo sijawahi kukwambia kwamba nililisikia. Tulimaliza kula viazi vile, na nikiri kwamba vilikuwa vitamu, ingawa mimi nilisema ni vikavu na vinakwama kooni. Nikaenda kuoga. Ninyi mkabaki mezani, na mkaongea. Mliongea saa nzima, na mimi nikasikiliza nyuma ya mlango. Nilijua kumbe siku zako za kwanza ulipozipata ulimwambia Yunis, yeye ndiye aliyekukalisha na kukueleza, na mimi nikaambiwa baada ya miezi kama habari ya kupanda kwa nauli. Nilikuwa nimejifariji kwamba mashine haina moto wa kukaa mbele yake, kwamba dakika nane hazitoshi mtoto kumwambia mtu chochote. Hapa kwetu ulikuwa unaniambia mambo yako yote wakati tunasubiri sufuria. Kumbe kule mlikuwa mnakula upesi ili mpate muda mrefu wa kuongea.

Baba yako nilipomsimulia, nikiacha ile sehemu ya kulipua, alisema, "Mama Kijwa, unagombana na sanduku la umeme?" Akaendelea kunoa jembe lake. Wanaume wakati mwingine wanaona nusu ya jambo, lakini ile nusu wanaiona vizuri.

Na wivu huu haukuanza na wewe. Mimi niliishia darasa la saba kwa sababu mama yetu aliugua, ikabidi mtu mmoja abaki nyumbani. Yunis alikuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa, nilimbeba mgongoni, nilimfulia sare alizovaa kwenda sekondari ambayo mimi sikuiona. Hakuninyang'anya kitu. Alikuwa mtoto, alipelekwa akaenda. Lakini kila alichokipata baadaye, duka, nyumba ya bati la rangi, hata miwani, nilikihesabu kana kwamba kilitoka mfukoni mwangu. Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hana, nacho ni wewe na kaka yako. Kaka yako anafanana na baba yake, hana maneno. Kwa hiyo ni wewe.

Sasa nafika kwenye lile lenyewe.

Wiki mbili zilizopita, siku uliyokwenda kuvuna tangawizi na wenzako, simu ililia. Unajua simu ya nyumba hii ni moja, na inakaa kwangu. Alikuwa Yunis, na sauti yake ilikuwa ya furaha kweli.

"Dada, nimempatia Kijwa maikrowevu ndogo ya chumbani. Nyeupe, nzuri hiyo! Atakuwa anarudi chuo amechoka, anaweka kiazi chake, anakula, anasoma. Niiache hapa aichukue akipita, au niwatumie huko juu muione?"

Nikamjibu, "Kijwa amesema hataki."

"Amesema hataki? Nimemwambia nani hata akajua?"

"Tuliongea habari za vyombo. Akasema atapika kwa sufuria kama alivyolelewa. Na amesema safari hii hatapita kwako, ataunganisha basi moja kwa moja."

Halafu akaniuliza taratibu, "Amesema hivyo mwenyewe, dada?"

"Mwenyewe. Yunis, mtoto ana mama."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mdogo wangu ambaye hakuzaa. Yalitoka mepesi kabisa, na yalipotoka niliyasikia, na sikuyarudisha. Akasema, "Haya dada. Msalimie." Hajapiga tena.

Wewe ukaanza kuuliza. Jumatatu ukaniuliza, "Mama mdogo hajapiga?" nikasema ana shughuli zake. Alhamisi ukaomba simu umpigie, nikasema haina salio, na salio lilikuwepo. Jumapili tukitoka kanisani ukauliza tena, ila mara hii ulikuwa unaangalia viatu vyako. "Labda amechoka na mimi," ulisema. "Nimekaa kwake miaka minne, mtu anachoka." Nikasema, labda. Kijwa, nilikuwa na nafasi pale ya kusema ukweli, tuko wawili tu njiani, nikasema labda.

Baada ya hapo hukuuliza. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na binti yangu nyumbani, ananisaidia, anakaa na mimi mbele ya moto kama zamani, isipokuwa hasemi kitu. Tunasubiri sufuria saa moja na nusu kimya. Nikikuuliza unasema, "Niko sawa, mama."

Juzi nikapita mlangoni kwako unapanga begi. Nikakuona unalitoa lile gauni la kitenge cha bluu alilokushonea Yunis kwa mahafali, lile ulilolala nalo siku ya kwanza kwa kulipenda. Ulilishika kidogo, ukalikunja, ukaliweka juu ya kabati nyuma ya magazeti. Ukaweka sweta mahali pake. Hukulia. Ungelia ningekuja kukubembeleza na uongo wangu, na ningejiona mama mwema. Ulifanya kama mtu mzima aliyekwishaelewa kwamba hapendwi mahali fulani. Nikatambua kwamba hilo ndilo nililokuwa nakufungashia uende nalo Morogoro, na kwamba ningekuwa nimekuibia mtu anayekupenda ili tu mimi nibaki peke yangu moyoni mwako.

Leo nilikutuma kwa bibi makusudi. Ulipopinda pale kwenye migomba nikampigia.

"Shikamoo dada." Sauti ya mtu anayepokea simu ya ofisini.

Sikuitikia hata shikamoo yake. Nilisema, "Yunis, Kijwa hakusema kitu. Nilisema mimi. Hajui kama ulimnunulia chochote. Anadhani umemchoka."

Nilidhani atanipigia kelele. Nilitamani anipigie kelele. Badala yake akasema, "Wiki mbili, dada. Wiki mbili nalala najiuliza nilimkosea nini yule mtoto. Nimepekua hadi maneno ya miaka mitatu iliyopita. Nikasema labda ni siku ile nilipomfinya sikio."

Nikamwambia, "Siku ile nililipua mimi."

"Najua ulilipua wewe," akasema. "Ulikuwa na kiazi kwenye nyusi." Hakucheka lakini.

Nikamwomba msamaha, Kijwa. Nilimwomba na kwa lile neno la mtoto ana mama. Hakusema amenisamehe. Aliuliza gari lako linafika Same saa ngapi, nikamwambia saa nne kasoro. Akakata. Sijui kama atakuja stendi. Ana haki ya kutokuja kwa sababu yangu, na ana kila sababu ya kuja kwa sababu yako, na sijui kwake ipi ni nzito. Mdogo wangu nimembeba mgongoni na bado sijui.

Kwa hiyo barua hii nitakupa mkononi asubuhi ukipanda gari, na usiifungue mbele yangu. Ngoja mteremke mlima, mkifika Maore barabara ni tambarare, hapo utasoma vizuri na utakuwa mbali nami kiasi cha kunikasirikia bila kuniona. Nikasirikie. Sitakwambia usikasirike, na sitapiga simu jioni kukuuliza kama imeisha.

Gauni nimelirudisha ndani ya begi. Liko juu kabisa, utaliona ukifungua.

Najua ungetaka nikwambie nimejifunza nini, maana barua za wazazi huwa hivyo. Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani mtu akikupenda anachukua sehemu yangu, nikawa nalinda sehemu yangu kwa fimbo, na kila nilipopiga nilikupiga wewe. Siku moja utaona mtu unayempenda anacheka vizuri zaidi na mtu mwingine. Itakuuma, na sijui dawa yake, mimi mwenyewe sijapona. Hata sasa hivi nikifikiria mtakavyoonana naona wivu, kifuani hapa, kabisa. Lakini niseme tu kwamba wivu wenyewe haukuniharibia kitu. Niliharibu nilipoupa simu uongee badala yangu.

Ukishuka Same, angalia upande wa wauza matunda, ndiko anakopenda kusimama. Akiwepo, usimwamkie kwa mbali. Mwache aone umemkimbilia. Mwite unavyotaka kumwita, jina lolote linalokujia mdomoni, usilipunguze kwa ajili yangu. Ile mashine ichukue kama bado anayo, na akikupikia kitu cha njiani kula mbele yake umwambie ni kitamu. Asipokuwepo, liache basi la Morogoro liende. Yapo mengine mchana. Panda bodaboda hadi kwake, gonga mlango, na mwambie mwenyewe kwa mdomo wako, maana mdomo wangu hatauamini tena kwa muda mrefu.

Baba yako amesema tukusindikize wote hadi stendi ya Same. Nimemwambia aende yeye, mimi mgongo unauma. Mgongo hauumi. Ni kwamba nikiwepo utamkumbatia Yunis nusu, ukiniangalia mimi kwa pembe ya jicho, na nimeshamnyima vya kutosha. Nataka mara hii umkumbatie mzima.

Mama yako.